Riviu: Wiener Holocaust Library, London. Ukitaka kuona chuki ilivyouzwa dukani kama bidhaa, nenda hapa

Nianze na maksi kabisa ili asiye na muda asome hapa aendelee na mambo yake: nyota tano, kuingia bure, iko Russell Square namba 29, Bloomsbury, karibu tu na British Museum unatembea kwa mguu. Ila sio sehemu ya kwenda kupiga selfi. Wengi wakisikia maktaba ya Holocaust, yaani mauaji ya Wayahudi yaliyofanywa na Wanazi, wanawaza kambi na picha za treni basi, na hizo kumbukumbu zipo sana, lakini mi nilichofuata pale ni kile kilichotangulia kambi, yaani makaratasi yenyewe ya propaganda dhidi ya Wayahudi yaliyochapwa kati ya vita mbili kuu, tuseme 1919 mpaka 1939, vitabu, magazeti, vipeperushi, katuni, mpaka gemu la watoto la mezani. Vitu halisi, karatasi yenyewe imeshakuwa ya njano.

Kwanza muelewe hii maktaba ni ya nani maana bila hiyo hutaelewa kwa nini Wayahudi wenyewe ndo walikusanya matusi waliyotukanwa. Alfred Wiener alizaliwa Potsdam mwaka 1885, Myahudi wa Ujerumani, msomi wa mambo ya Kiarabu, kapigana Vita vya Kwanza upande wa Ujerumani akapewa na nishani ya Msalaba wa Chuma. Karudi kutoka vitani anakuta nchi imeshindwa, kila mtu anatafuta wa kumbebesha lawama, na wachapishaji wa mrengo wa uzalendo mkali tayari wameshampata. Mwaka 1919 akatoa kijitabu kuonya kwamba hii chuki inayochapwa itaishia kwenye kumwaga damu. 1919 jamani! Hitler wakati huo hata jina hana. Wiener akaingia kufanya kazi kwenye chama kikubwa cha Wayahudi wa Ujerumani, Centralverein, na kufikia mwisho wa miaka ya 1920 walikuwa na ofisi Berlin iliyokuwa inanunua kila kinachochapwa na Wanazi na jamaa zao, wanakisoma, wanakiweka faili, halafu wanatengeneza majibu ya kuwapa wasemaji wa vyama vingine wakajibu kwenye mikutano. Adui anachapa, wewe unanunua kopi yako unaweka kabatini ukijua iko siku itahitajika. 1933 akakimbilia Amsterdam akaanza upya, na 1939 akahamisha kila kitu London, maktaba ikafungua milango tarehe 1 Septemba 1939, siku ileile Ujerumani inaivamia Poland.

Gharama yake sio ndogo. Mke wake Margarethe na mabinti zao watatu walibaki Uholanzi, wakashikwa, wakapelekwa Westerbork halafu Bergen-Belsen. Januari 1945 wakatolewa kwa mpango wa kubadilishana wafungwa, wakafika Uswisi, mama akafariki muda mfupi tu baada ya kufika. Mabinti walipona. Kwa hiyo ukikaa pale na faili mbele yako jua kwamba aliyelikusanya alilipa.

Haya, huduma. Chini pana sehemu ya maonyesho, unaingia unaangalia unatoka, hakuna wa kukuuliza swali. Ukitaka kushika nyaraka zenyewe unajiandikisha kwenye chumba cha kusomea, unaagiza mapema kupitia katalogi yao ya mtandaoni, unakuja siku yako unakuta mambo yameandaliwa. Peni weka pembeni, njoo na penseli, ndo kawaida ya sehemu kama hizi. Wahudumu wanajua vitu vyao mpaka inatisha kidogo, unauliza kuhusu mchapishaji fulani wa Leipzig mtu anakujibu bila kufungua kompyuta. Na wanakujibu kwa upole, hawakuangalii kwa jicho la huyu naye anataka nini na haya mauchafu, swali ambalo kwa kweli ni haki yao kuliuliza. Shida ni lugha, mzigo mkubwa uko kwa Kijerumani, na ile ya zamani yenye herufi zenye mikia mikia. Kama hujui Kijerumani jiandae na mtu au na subira. Lakini katuni hazihitaji mkalimani, na kurasa za matangazo nyuma ya vitabu nazo unazielewa haraka, na mimi nawashauri muanzie hukohuko nyuma. Tumezoea kuangalia maneno ya chuki yenyewe tunashtuka tunafunga, wakati ukigeuza kitabu ukaangalia nani kachapa, bei gani, anauza na nini kingine, unaona ulikuwa mtandao wa biashara, wenye kampuni, wateja na punguzo la bei.

Mfano mzuri kuliko yote ni ile kitu inaitwa Protokali za Wazee wa Sayuni. Wengi mmeshaisikia. Ni hati feki, ilitokea Urusi, ikachapwa kwenye gazeti mwaka 1903, inajifanya ni kumbukumbu za kikao cha siri cha Wayahudi wanaopanga kuitawala dunia. Huko Urusi haikufika mbali sana. Iliyoipa miguu ni hasira ya baada ya vita. Warusi waliokimbia mapinduzi wakaja nayo Ujerumani, na mwanzoni mwa 1920 mzee mmoja mwanajeshi mstaafu, Ludwig Müller von Hausen, akaitoa kwa Kijerumani akitumia jina la kubuni Gottfried zur Beek, kupitia chama chake na kampuni ya kuchapisha ya hukohuko Charlottenburg, Berlin. Mwaka mmoja makumi elfu ya kopi zimeenda. Msije mkadhani walionunua ni walevi wa baa tu, wamo maprofesa, wenye vyeo vyao vya ukoo, wachungaji. Na mwaka huohuo wa 1920 ikatoka London kwa Kiingereza, na waliochapa ni Eyre & Spottiswoode, kampuni iliyokuwa na heshima ya kuwa wachapaji wa Mfalme. Hebu fikiria mtu wa kawaida anaokota kitabu anaona jina la wachapaji wa Mfalme, unategemea afikirie nini? The Times nalo, gazeti lenye heshima kubwa Uingereza, likaandika Mei 1920 kwa sauti ya kuuliza uliza, je haya yana ukweli, yachunguzwe. Kuuliza tu kulitosha, wauzaji walifurahi.

Halafu Agosti 1921 The Times hilohilo likageuka. Mwandishi wao aliyekuwa Istanbul, Philip Graves, alipata kitabu cha zamani cha Kifaransa cha mwaka 1864 kilichoandikwa na Maurice Joly kumshambulia Napoleon wa Tatu, mtawala wa Ufaransa, hakina habari na Wayahudi hata kidogo, akaviweka viwili sambamba, aya kwa aya, na kila mtu akaona wizi. Kopi pesti tupu. Kesi imeisha, si ndio? Haikuisha. Waliokuwa wanauza waliendelea kuuza. Kampuni ya wachapaji wa Mfalme ilishajitoa, basi kikundi kinaitwa The Britons, kilichoanzishwa 1919 na Henry Hamilton Beamish, kikachukua kazi ya kuchapa toleo baada ya toleo. Ujerumani ndo usiseme. Juni 1922 waziri wa mambo ya nje Walther Rathenau, Myahudi, akapigwa risasi akiwa kwenye gari lake Berlin, na mmoja wa wauaji akasimama mahakamani akasema Rathenau alikuwa mmoja wa wale wazee 300 wa Sayuni. Chanzo cha hiyo 300 ni Rathenau mwenyewe, mwaka 1909 aliandika makala akisema uchumi wa Ulaya umeshikwa na watu 300 wanaojuana, akilalamikia ukiritimba, akimaanisha wafanyabiashara wa kila aina. Wachapishaji wakaichukua sentensi yake wakaigeuza ushahidi dhidi yake. Mi hapo niliweka penseli chini kidogo.

Twende Leipzig. Theodor Fritsch. Huyu babu alikuwa fundi wa vinu vya kusaga nafaka na alianza kwa kutoa gazeti la wenye vinu, mambo ya mashine na bei za unga, na humo humo kwenye uchapishaji akaingiza biashara yake ya pili, vitabu vya kuchukia Wayahudi, tangu miaka ya 1880. Kitabu chake kikuu ni cha mwongozo, kimepangwa kama kamusi ya mkononi, takwimu hapa, nukuu pale, majina pale, ili mtu akibishana kazini awe na majibu tayari. Kilichapwa na kuchapwa tena mpaka toleo la 49 mwaka 1944, yeye mwenyewe ameshakufa tangu 1933. Wanaosema propaganda ni kupiga kelele tu wapewe hiki kitabu. Hakina kelele, kimepoa, kinajifanya cha kitaalamu, ndo maana kiliuzika kwa wanaojiona wamesoma.

Na Fritsch huyuhuyu ndo aliyemleta Henry Ford Ujerumani, sio na gari, na kitabu. Ford alikuwa na gazeti lake Marekani, Dearborn Independent, na kuanzia Mei 1920 lilitoa mfululizo wa makala dhidi ya Wayahudi kwa wiki 91 bila kupumzika, likisukumwa mpaka kupitia mawakala wanaouza magari yake. Makala zikakusanywa zikawa vitabu vinne, Fritsch akatoa tafsiri kupitia kampuni yake ya Hammer. Jina la tajiri mkubwa wa Marekani kwenye jalada, tangazo gani tena unataka? Baldur von Schirach, aliyekuwa kiongozi wa vijana wa Hitler, alisema mwenyewe kwenye kesi ya vigogo wa Wanazi kule Nuremberg mwaka 1946 kwamba kitabu kilichomgeuza akiwa kijana ni hicho cha Ford. Ford aliomba radhi 1927 baada ya kushtakiwa na mwanasheria Aaron Sapiro, gazeti likafungwa, lakini Ulaya kitabu kiliendelea kuchapwa kana kwamba hakuna aliyeomba chochote.

Lehmann wa Munich mimi namuogopa kuliko wote. Julius Friedrich Lehmann alikuwa mchapishaji wa vitabu vya udaktari, atlasi za mwili wa binadamu, jarida la kila wiki la madaktari, vitu ambavyo daktari wa maana lazima awe navyo mezani. Pesa ya huko ikalisha upande wa pili, majarida ya uzalendo mkali na vitabu vya "sayansi ya rangi", kikiwemo cha Hans F. K. Günther cha mwaka 1922 kilichopanga Wajerumani kwa maumbo ya vichwa na pua. Günther hakuwa daktari wala mwanabiolojia, alisomea lugha, lakini jina la Lehmann kwenye jalada lilimpa koti jeupe. Stürmer, gazeti la matusi nitakalolifikia chini, ungelificha mgeni akija. Cha Lehmann unakiweka rafu ya juu sebuleni.

Sasa kuna Hugenberg, huyu nataka tukae kidogo maana watu hawamzungumzii kabisa. Alfred Hugenberg alikuwa bosi wa Krupp, kampuni ya chuma na mizinga, halafu akaingia kwenye habari. 1916 akachukua kampuni ya magazeti ya Scherl Berlin, akawa na shirika la habari Telegraphen-Union, na 1927 akachukua studio kubwa ya filamu ya UFA. Lakini ujanja wake mkubwa ulikuwa mikoani. Magazeti madogo ya miji midogo yalikuwa mamia kwa mamia, hayana hela ya waandishi Berlin, na mfumuko wa bei wa 1923 ukayavunja mgongo kabisa. Kampuni za Hugenberg zikaja na mikopo, ushauri wa biashara, na huduma ya kurasa zilizoshapangwa tayari, yaani unatumiwa kalibu ya ukurasa mzima na habari zake, wewe unamwaga madini ya risasi yaliyoyeyushwa unapiga jina la gazeti lako juu, kazi imeisha. Rahisi na nafuu. Msomaji wa mji mdogo anaona gazeti lake la nyumbani alilolisoma tangu kwa baba yake, hajui kwamba ukurasa wa siasa umetoka ofisi moja Berlin yenye msimamo mmoja: jamhuri ni ya wasaliti, tulichomwa kisu mgongoni, Wayahudi na wasoshalisti ndo wanafaidi. Haikuwa matusi ya wazi kila siku, mara nyingi ilikuwa kuchomekea tu, jina la Kiyahudi linatajwa pale ambapo halihitajiki, skandali ya mfanyabiashara Myahudi inapewa wiki nne na ya Mjerumani mwingine siku mbili. Miaka kumi ya kunywa hiyo kila asubuhi na chai. Na 1929 Hugenberg, ambaye sasa ni kiongozi wa DNVP, chama cha uzalendo mkali, akamkaribisha Hitler kwenye kampeni ya kupinga mpango wa Young wa malipo ya vita, magazeti yake yakampa Hitler nafasi ya kitaifa. Alidhani anamtumia. Januari 1933 akaingia kwenye baraza la mawaziri la Hitler, Juni mwaka huohuo ameshatoka, na mwishoni hata Scherl yenyewe ilimezwa na kampuni ya Wanazi.

Kampuni hiyo ya Wanazi ni Franz Eher, Munich, chini ya Max Amann, aliyekuwa sajenti wa Hitler vitani. Nitaipitia haraka maana hii mnaijua. Gazeti lao Völkischer Beobachter walilinunua Desemba 1920. Kitabu cha Hitler kilitoka Julai 1925 kwa maki 12, bei ya kibabe kwa wakati ule, na mauzo yakawa ya kusuasua, mwaka 1928 ni kama kopi elfu tatu tu. Toleo la bei nafuu la 1930 ndo likafungua njia, na 1933 akishika madaraka mauzo yakakaribia milioni. Ukifuata hizo namba unaelewa kwamba 1928 soko la chuki lilikuwa tayari limeshikwa na kina Fritsch na Lehmann na Hugenberg, Hitler kwenye rafu alikuwa mgeni tu. Baada ya 1933 Amann akala kila mtu, hata Ullstein, kampuni ya familia ya Kiyahudi na kubwa kuliko zote nchini, ililazimishwa kuuzwa 1934.

Der Stürmer wanalo na kama una roho nyepesi omba usianze nalo. Julius Streicher, mwalimu wa shule ya msingi Nuremberg, alilianzisha 1923, na chini ya ukurasa wa kwanza wakaweka maneno ya Treitschke, profesa wa historia, ya mwaka 1879, kwamba Wayahudi ndo balaa letu. Ona hapo pia, gazeti la mtaroni linaazima sentensi kwa profesa. Kuanzia 1925 michoro ni ya Philipp Rupprecht aliyesaini Fips, na kusema ukweli mchoraji alikuwa anajua kazi, ndo tatizo. Kabla ya 1933 Streicher alishtakiwa mara nyingi na kufungwa pia, na kila kesi ilimpa kichwa cha habari cha bure. Baadaye wasomaji wakawa wanajenga wenyewe masanduku mekundu ya kioo barabarani, vituo vya basi, viwandani, wanabandika gazeti humo, wewe usiyenunua unasoma ukisubiri basi. Barua za wasomaji ndo zilinichosha kuliko katuni, jirani anamchongea jirani kwa jina, kwamba fulani amenunua kitu kwenye duka la Myahudi, fulani amesalimiana na Myahudi. Na Stürmer halikuwa la chama, lilikuwa mali binafsi ya Streicher. Alitajirika nalo.

Halafu lile gemu. Linaitwa Juden raus, maana yake Wayahudi nje, limetengenezwa na kampuni inayoitwa Günther & Co. ya Dresden katika miaka ya 1930, unarusha dadu, vipande vina kofia zenye sura za Wayahudi, unawakamata na kuwatoa nje ya mji. Sio serikali iliyoagiza, ni mfanyabiashara kaona soko. Das Schwarze Korps, gazeti la SS, kikosi cha Wanazi, likalikosoa vikali, kosa lake ati linafanya jambo zito la serikali kuwa mchezo wa kuuza dadu. Nilicheka peke yangu pale kisha nikanyamaza maana mtu wa meza ya pili aliniangalia.

Kama una muda wa faili moja tu, omba la kesi ya Bern. Juni 1933 kikundi cha mafashisti wa Uswisi kiligawa Protokali kwenye mkutano, Wayahudi wa Uswisi wakawapeleka mahakamani, na ofisi ya Wiener kule Amsterdam ikasaidia kutafuta ushahidi, moja ya kazi zake za kwanza kabisa. Walileta mashahidi wazito akiwemo Chaim Weizmann, kiongozi wa Wazayuni, upande wa pili ukamleta mchapishaji wa Erfurt, Ulrich Fleischhauer, aliyekuwa anatoa taarifa za kueneza chuki kwa lugha kadhaa, akajiita mtaalamu. Mei 1935 hakimu Walter Meyer akasema ni feki, ni upuuzi wa kuchekesha, akasema anatumaini utafika wakati watu wasielewe iliwezekanaje watu wazima wenye akili wakae wiki mbili wakijadili kama hiki kitu ni cha kweli. Rufaa ya 1937 ikawaachia washtakiwa, sio kwa sababu hati ni ya kweli, ila kwa sababu sheria iliyotumika ya machapisho machafu haikuhusu maandishi ya siasa. Kesho yake wauzaji wakatangaza ushindi.

Na hapa niseme kitu. Kuna duka la mtandaoni silitaji jina, nilikuwa natafuta kitabu cha historia ya haya mambo, likaniletea Protokali zenyewe, jalada jipya linang'aa, maelezo ya bidhaa hayasemi popote ni feki, na chini yake wateja wamegawa nyota tano. Nilibofya kuona, basi wiki nzima linanipendekezea vingine vya aina hiyo. Niliripoti, nikajibiwa na meseji ya otomatiki. Karatasi ni ileile, lakini Russell Square inakuja na katalogi inayokwambia nani alighushi, nani alichapa, nani alifaidi. Kule inakuja na kitufe cha kununua.

Waliofaidi waliishia wapi? Streicher alinyongwa Nuremberg tarehe 16 Oktoba 1946, mahakama ilimwona hana hatia ya kupanga vita ila ilimtia hatiani kwa uhalifu dhidi ya ubinadamu, kwa kile alichochapa. Amann alihukumiwa miaka kumi ya kambi ya kazi, akafa 1957. Lehmann alikufa kitandani kwake 1935 na heshima zake zote. Hugenberg alifariki 1951, mzee, na tume za baada ya vita hazikumfanya kitu cha maana. Ukiniuliza mimi mzani haujakaa sawa, aliyepiga kelele kalipa, aliyesambaza kurasa za tayari kwa miji mia kaenda zake.

Ushauri wa mwisho wa matumizi: saa za kufungua angalieni kwenye tovuti yao kabla ya kutoka maana chumba cha kusomea lazima uweke nafasi, msiagize Stürmer na barua zake siku moja na ushuhuda wa Novemba 1938 (wanazo ripoti zaidi ya 350 zilizokusanywa mara baada ya masinagogi kuchomwa), ni nzito mno kwa pamoja, gawanyeni. Asiyeweza kufika London, maktaba hiyohiyo inaendesha tovuti ya The Holocaust Explained, imetengenezwa kwa ajili ya wanafunzi, Kiingereza chepesi, bure pia, nyaraka nyingi zimepigwa picha humo. Mdogo wangu yuko sekondari anaitumia na hajanipigia simu kuuliza kitu bado.